Wanga wa Tanki la Tano

Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kukusanya mavi ya samaki, wala hakuona haya kuitaja. Wifi yake, dada wa mumewe, alipenda kumchokoza mbele za watu: "Jamani, wenzetu wakiamka wanachota maji, huyu wetu anachota vinyesi!" Naye hujibu bila kupandisha sauti, "Vya samaki vinapimwa maabara, wifi. Hivyo vinavyotoka mdomoni mwako nani atavipima?" Watu wakacheka, yakaisha.

Pale kazini palikuwa na banda refu la bati lenye matanki kumi na mawili, kila moja limechongoka chini kama faneli, na chini ya faneli imekazwa chupa ya kioo. Samaki wakila juu, kinachowatoka kinashuka taratibu mpaka chupani. Asubuhi Mama Chiriku hufungua chupa moja moja, akamwaga kilichotuama kwenye visahani vyenye namba, akavikausha ndani ya oveni. Kazi hiyo haitaki shule kubwa. Inataka macho na subira, na hivyo viwili Mungu alimjalia.

Mwenye utafiti walimwita Daktari. Alikuwa daktari wa samaki, si wa watu. Mwembamba, miwani imemshukia puani. Alikuwa akitafuta jambo moja tu. Samaki wa kufugwa hulishwa unga wa dagaa, na dagaa ndio mboga ya watu wengi. "Tunamnyang'anya mtoto tunamlisha samaki," alisema. Basi akawa anajaribu vyakula vingine badala yake: unga wa funza wa nzi, unga wa soya, unga wa manyoya ya kuku. Ndani ya kila chakula alichanganya unga wa kijani ambao hakuna tumbo linaloweza kuushika. Unaingia kijani, unatoka kijani. Kwa kuupima ule ukijani alijua kipi kimebaki mwilini na kipi kimepita njia.

"Haya manyoya," alimwambia Mama Chiriku siku za mwanzo, "ukiyasoma kwenye karatasi yana protini kuliko nyama. Ila ikifika tumboni, protini yenyewe inaaga tu inapita. Kuliwa si kushiba."

Tanki la tano halikuwa na protini hata chembe. Samaki wake sita walipewa punje za wanga mtupu, kijani kama majani mabichi, kwa sababu Daktari alitaka kujua mwili wa samaki unapoteza nini wenyewe usipopewa kitu. "Hawa kazi yao ni kukonda," alisema. "Wiki nne tu, halafu tunawamaliza."

Lakini samaki wa tanki la tano waligoma. Siku ya kwanza punje zilielea mpaka zikayeyuka. Siku ya pili vilevile. Daktari akawa anazunguka tanki kama mtu aliyeibiwa, maana samaki asiyekula hana mavi, na bila mavi hakuna utafiti.

Chiriku ndiye aliyewafanya waanze kula. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, ameachishwa ziwa karibuni. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu, anayekuja nyumbani kama mgeni, kwa hiyo mama yake alikuja naye kazini, akamketisha juu ya gunia tupu. Jina la Chiriku alilipata kwa kelele zake. Toka asubuhi mpaka jioni mdomo haufungi. Siku ile ya pili akajivuta mpaka kwenye ndoo ya chakula cha tanki la tano, akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaifyonza, kisha akaitoa imelowa mate akaidondosha majini kupitia kidirisha kidogo kilichoachwa wazi ubavuni mwa tanki, chini ya mfuniko. Nyumbani ndivyo alivyofundishwa. Usile peke yako, mpe mwenzio.

Samaki mmoja mwenye mkia uliochanika akapanda, akaipokea.

Mama Chiriku akasimama na chupa mkononi. Mtoto akalamba punje ya pili, akatoa. Yule wa mkia uliochanika akaipokea tena, na wenzake watano wakaanza kuokota zile nyingine zilizokuwa zikielea.

"Haya mama, mpe mwenzio," akasema Mama Chiriku, akamfuta ulimi kwa ncha ya kanga.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi na kila alasiri Chiriku hulamba punje mbili tatu, yule samaki hupokea, wengine hufuata. Daktari alikwisha kataza mtoto kugusa chochote, kwa hiyo Mama Chiriku hakuandika jambo hilo kwenye daftari wala hakulisema. Alijiambia, kosa gani hilo? Mate ya mtoto!

Mwisho wa wiki ya kwanza wakapima. Samaki watano wa tanki la tano walikuwa wamepungua, kama ilivyotakiwa. Yule wa mkia uliochanika alikuwa ameongezeka gramu arobaini.

"Rudia," Daktari akasema. Wakarudia. Arobaini.

Fundi, mzee anayetengeneza pampu, akachungulia kwenye mizani akacheka. "Huyu ni Tajiri. Tajiri hata akila upepo ananenepa."

Wiki ya pili Tajiri alikuwa ameongezeka gramu themanini zaidi, mgongo mnene, jicho angavu. Wenzake walikuwa wamebaki vichwa na miba. Daktari akavua miwani.

"Mama Chiriku, unamwonea huruma?"

"Nani, Daktari?"

"Huyu samaki. Kama unamrushia chakula cha tanki jingine, niambie sasa. Nyama haioti kwa wanga mtupu. Imetoka mahali."

"Haki ya Mungu sijampa."

"Imetoka mahali," Daktari akarudia, taratibu, kama anajiambia mwenyewe.

Siku zile ndipo Chiriku aliponyamaza. Kwanza mama yake alidhani ni meno. Halafu nywele zikaanza kuwa nyepesi, rangi ya kutu. Halafu asubuhi moja, akimvalisha viatu, viatu havikuingia. Akabonyeza unyayo kwa kidole gumba. Pakabaki shimo, na shimo halikurudi.

Akampeleka zahanati. Muuguzi, mama wa makamo mwenye mikono ya haraka, akambonyeza miguu, akamvuta nywele zikabaki vidoleni, akamtazama mama.

"Unampa nini huyu?"

"Maharage. Yai kila siku. Maziwa asubuhi."

"Usinidanganye, mwanangu. Mimi si mume wako. Huyu analishwa wanga mtupu."

"Nampa yai, mama. Nalipasua mwenyewe."

"Basi linaingia wapi?" Muuguzi akaandika kwenye kadi huku akitikisa kichwa. "Wiki mbili akiendelea hivi, humwoni tena. Nimekwambia mapema."

Njia nzima ya kurudi Mama Chiriku alimbeba kifuani, si mgongoni, apate kumtazama. Alipomvua nepi nyumbani aliganda. Nepi ilikuwa ya kijani. Kijani kama majani mabichi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye aliketi akawaza. Bila shaka mtoto anazimeza zile punje, akajisemea. Anashiba wanga, yai anaacha. Akajilaumu, akajiona mjinga, na ndani ya ule ujinga akapata nafuu, maana kosa lenye sababu lina dawa. Kesho yake akamwacha Chiriku kwa wifi.

"Mlishe wewe kwa mkono wako, wifi. Asitoke humu ndani. Asishike kitu cha kijani."

"Leo umenikumbuka," wifi akasema, lakini alipoona ile miguu utani ukamkauka. "Mlete. Tutamlisha mpaka akome."

Siku nne Chiriku hakukanyaga bandani. Wifi alimlisha maharage yaliyopondwa, mayai, maziwa, akisimama juu yake mpaka ameze. Na siku zote nne nepi zilikuwa za kijani. Kwa upande wake, Tajiri hakuhitaji tena punje iliyolambwa. Alikula wanga wake vizuri, na kila Mama Chiriku alipoinama juu ya tanki, samaki yule alipanda akasimama wima majini, mdomo ukifunguka na kufumba, kama mtu anayesimulia jambo.

Asubuhi ya siku ya nne, Jumatatu, alifungua chupa ya tanki la tano, akamwaga kwenye kisahani. Kilichotoka hakikuwa kijani chote. Katikati kulikuwa na kitu chembamba, chekundu, kimejikunja. Akakinyoosha kwa ncha ya sindano.

Lilikuwa ganda la harage.

"Ahaa!" Daktari alikuwa nyuma yake. Alichukua kisahani, akakipeleka dirishani. "Maharage. Na hii? Hii ni nini, kiini cha yai? Mama Chiriku, tangu wiki ya pili nakuuliza. Umewapa mayai na maharage."

"Sijawapa, Daktari." Alikitazama kisahani. "Nimempa mwanangu."

Daktari akamtazama. Kwa muda alionekana kama atauliza jambo, akaliacha. "Ukimaliza wiki hii," akasema, "usirudi." Akaondoka na kisahani, akikishika mbali kidogo na mwili wake.

Mama Chiriku akabaki ameshika sindano. Hakufikiria kazi. Alikuwa akiyapanga mambo kama alivyopanga visahani: anachokula mtoto kinamkaa samaki, anachokula samaki kinampita mtoto. Zile siku za mate walifungana matumbo, na yeye ndiye aliyesema, haya mama, mpe mwenzio.

Basi kama ni hivyo, akawaza, wa kulishwa siye Chiriku.

Hakuamini mpaka ajaribu. Wiki zile zote alikuwa amejifunza kwa Daktari kwamba jambo lisilopimwa ni hadithi. Jumanne, Daktari akiwa ofisini, alichota konzi ya chakula kilichokuwa karibu, cha tanki la nne, akammwagia Tajiri. Samaki alikula kwa pupa. Jumatano asubuhi akakimbilia kwa wifi, akafungua nepi kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya ule ukijani kulikuwa na nyuzi za kijivu, laini, fupi. Akazisugua kati ya vidole. Zilikuwa manyoya. Tanki la nne lilikuwa la manyoya ya kuku.

"Wifi," dada wa mumewe akanong'ona, mkono mdomoni, "huyu mtoto sijampa kuku. Naapa."

"Najua."

"Sasa hayo..."

"Nimesema najua, wifi. Mfunike."

Na miguu ilikuwa ileile, macho yaleyale yasiyotua. Kuliwa si kushiba. Manyoya yalikuwa yameaga tu yamepita. Mama Chiriku akarudi kazini, akafungua daftari la Daktari lililoachwa mezani, akafuata mistari kwa kidole, taratibu, herufi kwa herufi, mpaka alipofika penye namba kubwa kuliko zote baada ya dagaa. Unga wa funza. Katika kila sehemu kumi za protini, karibu tisa zilikuwa zinabaki mwilini.

Alikwenda kwenye pipa la funza akajaza kikombe.

Alhamisi Chiriku aliomba maji. Neno lenyewe lilikuwa dogo, limekwaruza, lakini wifi alilia aliposimulia. Uvimbe wa vidole ulikuwa umeanza kunywea. Pumzi ya mtoto ilikuwa na harufu ya ghala, harufu ya gunia la funza waliokaushwa. Mama yake aliinusa, akafumba macho, akashukuru.

Siku hiyohiyo Daktari akatangaza kwamba kesho ndiyo mwisho. Samaki wote watauawa, watakaushwa, watasagwa unga, na unga wao utapimwa.

"Wote?" Mama Chiriku akauliza.

"Wote. Hasa yule wako."

Akamwomba ampe yule mmoja. Akamweleza yote, tangu punje ya kwanza iliyolambwa, bila kuficha hata aibu yake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema, na uso wake ulionyesha huruma, na ile huruma ndiyo iliyomkatisha tamaa. Mtu anayekuonea huruma hakusadiki.

"Nenda nyumbani ukapumzike, dada," akasema. "Mtoto mpeleke hospitali kubwa."

Alasiri, Daktari alipokwenda kuwasha mashine ya kusaga kuijaribu, Mama Chiriku alitia ndoo ndani ya tanki la tano. Hakuhitaji wavu. Tajiri aliingia mwenyewe. Mahali pake akamweka samaki mwembamba kutoka bwawa la akiba, akampasua mkia kidogo kwa wembe, akamwomba radhi.

Mlangoni akakutana na Fundi.

"Ndoo hiyo ina maji au ina siri?"

"Ina maji, Fundi."

Mzee akaitazama ndoo, akamtazama yeye, akakumbuka labda ile miguu ya mtoto. "Basi yafunike maji yako," akasema. "Yanapiga mkia."

Ijumaa walisaga. Mashine ililia saa nzima, na muda wote huo Mama Chiriku alisimama dirishani kwa wifi akimtazama Chiriku, akihofu asije akawa alimchukua samaki siye. Mtoto alicheza na kifuniko. Baadaye Fundi alimwambia kwamba Daktari alifurahi mno. Tanki la tano lilikuwa limetulia. Samaki sita, wote wamekonda kama kitabu kinavyosema. Ile mizani ya mwanzo akasema ilikuwa mbovu.

Nyumbani Tajiri aliwekwa kwenye pipa la bluu chumba cha nyuma, na Fundi akaleta pampu kuukuu ya hewa. Maisha yakapata utaratibu wake. Kabla ya kumpikia mtoto, Mama Chiriku humlisha samaki unga wa funza anaoletewa na Fundi. Kisha humpa mtoto yai na maharage, samaki asipungukiwe. Baada ya miezi miwili nywele za Chiriku zilikuwa nyeusi ti, mashavu yamejaa, kelele zimerudi. Muuguzi alimwinua juu akacheka: "Si unaona? Ulipoacha kunidanganya mtoto amepona!"

Wifi akaja kutazama pipa. "Umefuga? Utamla lini?"

"Huyu si wa kuliwa."

"Kha! Samaki asiyeliwa ni mkwe?"

Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa amekwisha kuyazoea mambo ambayo hakumwambia mtu. Kama vile mchana, akitupa chakula pipani, humsikia mtoto chumba cha mbele, amelala fofofo, akitafuna.

Ulipoingia mwezi wa tatu, asubuhi moja Tajiri hakupanda. Mama Chiriku alitupa chakula, kikaelea. Samaki alikuwa chini, amejibana ukingoni, taya limevimba, mdomo umefumba. Mama Chiriku akamwita Fundi mbiombio, na Fundi akainama juu ya pipa mpaka kofia ikamwanguka.

"Salaale. Tajiri ni jike," akasema. "Ana mayai mdomoni. Hawa hawaatamii, wanalelea kinywani. Hatakula mpaka watoto watoke. Siku kumi, pengine kumi na tano."

"Yuko peke yake, Fundi. Dume liko wapi?"

"Hilo hata mimi najiuliza." Fundi akaokota kofia yake, hakuivaa. "Usije ukamfungua mdomo kwa nguvu. Atayameza yote."

Mama Chiriku alikuwa tayari ameshatoka mbio.

Chumba cha mbele, Chiriku alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya bakuli lake. Yai halijaguswa. Midomo ameifumba ikawa mstari, mashavu yamejaa pande zote mbili.

"Fungua mdomo, mama."

Mtoto akatikisa kichwa, pole pole.

"Mama hakuchapi. Fungua nione."

Akatikisa tena. Macho yake yalikuwa matulivu, ya mtu mzima, macho ya mwenye kulinda kitu. Mama Chiriku akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye lile shavu. Chini ya ngozi kulikuwa na vitu vidogo, vya mviringo, vingi. Vikajigeuza vyote kwa pamoja, taratibu, kisha vikatulia.

Akaondoa mkono. Kidole chake kilikuwa tayari kimefika pembeni ya mdomo wa mwanawe, pale ambapo mama yeyote angebonyeza. Akakirudisha.

Akasogeza bakuli kando, akavuta kigoda, akaketi mbele yake. Ilikuwa siku ya kwanza.